Bamba la Chuma Lililochoka Pajani Mwangu

Ndugu zangu, mniwie radhi, nashuhudia nikiwa nimekaa. Mnanijua mimi Mama Neema wa hapa Falls Church, Virginia, nilikuwa situlii. Nikitoka kwenye kazi yangu ya kuhudumia wazee, naingia jikoni. Kisha nikapata ajali ya gari kule kwenye barabara kuu ya Beltway, mfupa wa paja ukavunjika. Daktari akauunga kwa bamba la chuma na skrubu, akasema, "Usikanyagie mguu huu mpaka nikuruhusu. Chuma kinashikilia tu."

Mimi nilisikia neno chuma, nikajiona tingatinga.

Mkaja kuniona, Mungu awabariki, na masufuria ya pilau. Sasa mtu ametoka mbali kule Bowie, nimuage nimelala? Nilijikongoja na gongo, nikamsindikiza kila mgeni ngazi zote mpaka kwenye gari. Binti yangu Neema aligomba, "Mama, please, sit down!" Baba yake akamjibu, "Mwache mama yako, ana chuma huyo."

Paja likaanza kuuma kama jino bovu. Nikaendelea kusindikiza wageni. Asubuhi moja namsindikiza Dada Halima, nikasikia ta! ndani ya paja. Mguu ukapinda mahali pasipo na goti. Nilipiga kelele mpaka nikajikojolea mbele ya mgeni.

Hospitalini, picha ya eksirei ikaonyesha bamba limekatika. Nikalia, "Limekatikaje, nami sikuanguka?"

Daktari akasema, "Halikuanza leo. Kila ulipokanyaga lilipinda kidogo, likarudi. Juu yake vikatokea vijistari visivyoonekana kwa macho. Kimoja, penye tundu la skrubu, kikawa ufa, na kila hatua yako ikausogeza mbele. Mfupa haujaunga, na nahofia kuna usaha. Ukiwa umeoza, huenda tukaukata mguu."

Nilikata tamaa, jamani. Hata kuomba nilishindwa. Nilimwambia mume wangu atafute mke mzima. Yeye alikuwa ameushika ule mguu, analia, anarudia, "Mimi ndiye niliyesema akuache."

Walipopasua hawakukuta usaha. Wakachota mfupa nyongani, wakapandikiza, wakaweka chuma kipya. Nililala miezi, nikiogopa hata kugeuka.

Namshukuru Mungu na madaktari, mguu ninao, ingawa bado naogopa ngazi. Mgonjwa akiinuka kukusindikiza, mkalishe. Nawe unayejikaza kwa kuwa jana ulihimili na juzi ulihimili, kapumzike. Bamba langu nalo lilihimili kila siku, mpaka asubuhi ile.