Kisu Kiliponishika Mdomo Mbele ya Wakwe

Bon, nimesikia mnavyonicheka kuanzia Saint-Gilles mpaka Saint-Josse, mitaa yetu yote huku ughaibuni, donc heri niandike mwenyewe, maana kila mmoja anaongeza chumvi yake. Ndiyo, niliaibika. Niliaibika mchana kweupe, nimevaa suti, mbele ya wakwe. Lakini katika wote mnaocheka, hakuna hata mmoja aliyeombwa kuwa msemaji.

Espoir, mtoto wa marehemu kaka yangu, alitaka kumuoa Nadège, na kwao Nadège ni Uccle, mtaa wa wenye pesa. Nikachaguliwa mimi kusema kwa niaba ya ukoo (mimi niliyeishia troisième primaire, darasa la tatu tu, wenye diplôme wakakaa nyuma). Desturi yetu mnaijua: wenye binti wanafunga mlango, msemaji anasimama nje anaomba, na hakuna anayeruhusiwa kusema mahali pake. Akishindwa, mnarudi nyumbani na posa yenu.

Sasa kisu. Kazi yangu ni kuhamisha watu nyumba, na kisu changu cha kukunja, chuma kitupu mpaka mpini, kimenikatia kamba miaka ishirini. Siku moja kabla nilikipaka mafuta ya mawese kwenye kiungo, kama baba yangu alivyofanya Bukavu, nikakiacha ndani ya camionnette, gari langu la mizigo, mpaka asubuhi, na baridi ya siku zile ilikuwa ya kugandisha hata mate. (Mke wangu kila baridi ikiingia anaweka chupa ya mawese karibu na chauffage inayopasha nyumba joto, ili yamiminike. Ile chupa naiona kila mwaka. Kichwa changu hakikuunganisha mambo.)

Tukafika, tukapanga mstari mbele ya mlango, na Papa Gervais, mjomba wa Nadège, akatoa kichwa dirishani akataka kwanza aone vitenge vya mama mkwe. Mzigo ulikuwa umefungwa kamba. Espoir akaninong'oneza kwamba dada yake ana makasi kwenye sacoche yake ya begani. Nikamwambia mzigo wangu naufungua kwa kisu changu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kisu kikakataa. Mawese yalikuwa yameganda humo ndani kama mshumaa, nikavua gants mikononi, vidole vikafa ganzi, ukucha unateleza, watu wananiangalia, nami badala ya kuomba makasi nikauma mgongo wa makali kwa meno ili nivute, na mdomo wa chini, wenye mate, ukagusa kile chuma chenye baridi ya barafu, mate yakaganda, ukanata palepale. Nikivuta, ngozi inakuja. Nikaacha kuvuta.

"Musemaji, tunakusikiliza," akasema Papa Gervais.

Nikasema mmm.

Shangazi mmoja huko ndani akauliza kama huyu papa amekuja kuposa ama kuchinja. Espoir uso umekuwa majivu, akaanza kueleza kwamba tonton, yaani mimi baba yake mdogo, ana shida, Papa Gervais akamkata: "Wewe nyamaza. Anasema mumoja. Kama hana neno, alors, murudi kwenu."

Mlango ukafunguka. Akatoka mama yake Nadège na kikombe cha chai, hakumuuliza mtu, akanishika kidevu kama mtoto mchanga, akanimwagia chai ya vuguvugu polepole mpaka chuma kikaachia. Chai ikanishuka kwenye tai, ikafika viatuni. Damu kidogo. Mashangazi dirishani wanapiga picha.

Papa Gervais akaamuru dada yake arudi ndani, mlango ufungwe, tuanze upya. Mdomo ulikuwa umevimba kama andazi, lakini ulikuwa wangu tena.

"Papa Gervais," nikasema, "mwenye nyumba amefungua mulango kwa mukono wake, na mimi nimeonja chai yake. Kwenu munapokea wageni namna gani ingine? Sisi tunaingia."

Mama Nadège akacheka wa kwanza, halafu mashangazi, tukaingia, mimi mbele.

Basi chekeni. Mawese kwenye kisu sitapaka tena, na wakati wa baridi kinakaa mfuko wa ndani, karibu na tumbo, penye joto. Kukiacha nyumbani, jamais, hata siku moja. Na anayesema nimeaibisha ukoo aende akamuulize Nadège. Sasa ni mke wetu.