Ua Ulionyolewa Mno

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Machi. Zbyněk Kubelka anafunga chupa yake ya kahawa, anachukua mkasi mrefu wa kupogolea na kutoka. Glavu zake zinabaki mezani.

"Umesahau glavu, bwana wewe!" mkewe anamwita dirishani.

"Nitunzie, bibie. Narudi sasa hivi."

Saa tatu anakutwa ameketi chini ya ua wa miti alioukata kwa miaka thelathini na moja. Kahawa haijafunguliwa. Daktari alisema ni moyo.

Ua wenyewe ni ule uitwao Taxis, kiunzi kinachoogopwa kuliko vyote katika mbio kubwa za farasi za mji wa Pardubice, zinazokimbiwa kila Oktoba. Kimo chake ni mita moja na nusu, upana vivyo hivyo, na nyuma yake kuna handaki ambalo farasi halioni mpaka awe hewani.

Sasa ni Septemba. Mjane wake, Drahomíra Kubelková, miaka 62, amesimama mbele ya ua huohuo, mkasi mkononi, na hakati kitu. Amesimama hivyo karibu saa nzima.

"Sijui niguse wapi," anasema.

Miaka yote alimfuata mumewe na reki, akikusanya matawi na kumgombeza. Zbyněk hakuwahi kuuacha ua ukiwa sawa. Juu palibaki vichipukizi vimesimama ovyo, kama nywele za mtu aliyetoka kulala.

"Nilimwambia, watu wanatoka mbali kuja kuona hiki, wewe unawaonyesha kichwa kisichochanwa! Yeye anacheka tu. 'Ziache ndevu zake, bibie.'"

Alipofariki, ofisi ya uwanja ilimpa Drahomíra kazi hiyo mpaka mbio zipite, ndipo iamue. Mwezi wa Agosti akataka kumheshimu marehemu. Alifunga kamba toka mwisho mmoja hadi mwingine, akakata kwa siku tatu, ua ukanyooka kama meza. Alipiga picha, akaipeleka kaburini.

Kisha akapita Oldřich Hruboň, mpanda farasi mstaafu aliyeruka hapo mara tisa na kuanguka mara nne.

"Mama wee! Umejenga ukuta?"

"Ukuta gani? Macho yako yamekwisha, mzee."

"Macho yamekwisha, ila mbavu zinakumbuka. Farasi anapita na tumbo juu ya vile vichipukizi, vinalala. Hapa sasa atakutana na mti mgumu. Zbyněk alikuwa anachomeka mkono juu, hivi. Ukizama mpaka kifundo cha mkono bila kugonga kitu, anafunga kazi. Hakukwambia?"

Hakumwambia.

Wala hakuna namna ya kujaribu. Taxis hurukwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya mbio zenyewe.

Tangu siku hiyo hata nyumbani kumemchanganya. Kuna droo ya mumewe iliyojaa misumari na mbegu za figili pamoja. Alikuwa ameshavitenganisha. Wiki iliyopita alivichanganya tena.

"Miaka thelathini na moja nimemwita mvivu," anasema. "Sasa sijui kipi kilikuwa uvivu na kipi kilikuwa ufundi. Na wa kumuuliza ni yeye mwenyewe."

Mbio hizi zilianza mwaka 1874. Mwaka 1937 mwanamke aliwashinda wanaume wote. Mwaka 1968 hazikukimbiwa, kwa kuwa vifaru vya kigeni vilikuwa vimeingia nchini. Lakini baba mkwe wa Drahomíra, mwenye mkasi huuhuu, aliukata ua hata hivyo. Mpita njia alimuuliza anamkatia nani. "Ua hausomi magazeti," akajibu. Miaka ya tisini, baada ya farasi kufa na watu kuandamana, handaki lilipunguzwa kina.

"Hayo yote yameandikwa," anasema Drahomíra. "La mkono kuzama halikuandikwa popote."

Mkono wake ni mdogo. Kwa hiyo kila asubuhi huja na glavu ya kulia ya Zbyněk, ile iliyobaki mezani. Ameishindilia matambara. Huichomeka juu ya ua, sehemu tano, kisha huikung'uta na kuirudisha mfukoni.

Msimamizi wa uwanja amekwisha kumuuliza mara mbili kwa nini ua umeanza kuota fujo.

"Nilimwambia avumilie. Ukishamnyoa mtu, huwezi kumrudishia nywele kwa gundi."

Mpango wake ni kupunguza ubavuni tu wiki ya mbio na kuacha juu pakue. Kazi akiikosa, anasema, ataikosa. "Lakini farasi akivunjika hapa, nitakuwa nimemvunja mimi, kwa unadhifu wangu."

Jana glavu ilizama mpaka mwanzo wa kidole gumba. Zimebaki wiki nne.