Mawe ya Zizi la Machage

Esta hakuolewa kijijini Kisaka ili akae kimya. Alikuja na shahada yake ya jiolojia, akazaa, akamzika mumewe Machage, akasomesha watoto, na mpaka leo akipita na nyundo ya kupasulia mawe watu hunyamaza kidogo wamsikie. Mji wa Machage, yaani familia yake nzima, una sifa moja inayojulikana tarafa nzima: wakisema, wamesema.

Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini siku shemeji yake Sylvester, mdogo wa Machage, alipotangaza mnadani kwamba madini ya fedha yako chini ya zizi lao. Kampuni ya utafiti iliyomwajiri Esta ilikuwa inatafuta mshipa wa fedha, risasi na zinki katika kilima kile, na Esta ndiye aliyepaswa kuonyesha mahali pa kuchimba mtaro wa kwanza. Akichagua kwao na mtaro ukatoka mtupu, watu wangesema mama huyu alijipendelea. Akichagua kwingine, shemeji yake angeonekana mwongo mbele ya mnada mzima.

Na Sylvester hakuwa mwongo. Alikuwa amepasua jiwe la ukuta wa zizi, karibu na mlango, na ndani mlikuwa na vipande vya kijivu vyenye pembe kali, vinang'aa kama kioo. Jiwe lenyewe lilikuwa zito kupita ukubwa wake. Esta aliitambua papo hapo: galena, jiwe la risasi, ambalo mara nyingi huficha fedha ndani yake.

"Umeona?" Sylvester alimwambia. "Lete katapila. Lianzie hapa hapa."

"Ng'ombe watalala wapi?"

"Wakalale kwa Emanueli. Sisi na ng'ombe basi tena."

"Shemeji, mtu wa ukoo huu akiwachoka ng'ombe, apelekwe hospitali."

Walicheka, lakini Esta alirudi na koleo na kifaa cha kupimia madini, akapima udongo. Chini ya ukuta, pale mlangoni, risasi ilionekana. Katikati ya zizi haikuwepo. Nje ya zizi, haikuwepo. Mshipa hauna tabia hiyo. Hupita ardhini kwa mstari mrefu, na udongo wa juu yake huonyesha madini njia nzima. Akauzunguka ukuta polepole. Upande wa nyuma, mawe ya kawaida. Ubavuni, mawe ya kawaida. Yenye galena yalikuwa mlangoni tu.

Hapo akacheka peke yake. Ukuta ule baba mkwe wake aliujenga kwa risaga, ile kazi ya kusaidiana, na katika risaga ya zizi kila mji huja na mawe ya shamba lake na kujenga kipande chake. Mawe ya mlangoni yalikuwa wageni.

Akapanda hadi kwa Emanueli, jirani wa juu kilimani, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wajenzi wale.

"Baba Shani, zizi letu, marehemu baba yako alijenga kipande gani?"

"Cha mlangoni, mama Evance. Alijisifu mpaka anakufa! Kwani kimeanguka?"

"Kimesimama. Nionyeshe alikotoa mawe."

Udongo wa shamba la mtama alilomwonyesha ulijaa risasi na zinki, mstari mmoja ulionyooka kuelekea kilele.

Asubuhi katapila lilipofika, Sylvester alikuwa mlangoni pa zizi na nusu ya kijiji. Esta alinyoosha mkono kuelekea juu.

"Shemeji!" Sylvester alifoka. "Wewe ni wa mji huu au wa kampuni?"

"Wa mji huu. Ndiyo maana sitaki watu waje kuchungulia shimo tupu kwenye zizi la Machage." Akageukia watu. "Sylvester amesema kweli, mawe haya yana madini. Ila yalikuja hapa kwa risaga, kutoka kwa Emanueli. Bila Sylvester kupasua lile jiwe, nisingepanda kule."

Sylvester aliondoka mlangoni pa zizi. Kisha akatangulia kupanda kilima, kifua mbele.

Mtaro ulikatwa kuvuka mstari, si kuufuata, ili mshipa ukatwe upana wake wote. Kabla ya mchana ukatokea: jiwe jeupe lililosimama wima katikati ya mwamba, na ndani yake michirizi ya kijivu inayong'aa.

Emanueli alishika kiuno. "Basi na yale mawe yetu ya zizini mturudishie."

"Njoo uyabomoe," Sylvester alimjibu. "Lakini uje na risaga nzima, na mlangoni utujengee upya."

Esta alikuwa ameshainama mtaroni, anaangalia mshipa umeelekea wapi.