Mpaka Serikali Ianguke

Mwaka 1961 chama kilichoshinda uchaguzi kilikataa kuunda serikali mpaka kiongozi wake aachiliwe kifungoni. Wale waliopata viti vichache wakaiunda wao. Mimi niliacha shule darasa la nne, nikawa mtu wa kuhamahama, leo Likoni, kesho Changamwe. Nilitaka sana kujua serikali kama hiyo hudumu muda gani, nikawauliza hata abiria kwenye kivuko. Wote walisema haitafika msimu wa embe.

Basi nikaenda Kisauni kifua mbele, bila mshenga, kwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba. Nilimpenda binti yake, naye hakunichukia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nasikia wamtaka mwanangu. Wewe hukai mahali hata chai ikapoa.”

“Nitakaa. Nitafanya kazi kwako mpaka serikali hii ianguke.”

Mzee, aliyewapigia kura hao wachache, alicheka mpaka akashika mbavu. “Utazeeka hapa. Haya, ikianguka nikikukuta bado upo, nakuoza.”

Kiongozi akaachiliwa, serikali ipo. Embe zikaiva, zikaisha, serikali ipo. Kila asubuhi nilimsomea mzee gazeti, na humo ndimo nilimojua kosa langu. Nilihesabu viti vya kura tu. Kumbe gavana aliongeza wajumbe wa kuteua, na baadhi ya Wazungu na Wahindi waliinua mikono pamoja na hao wachache.

“Soma tena hapo wanaposema ipo,” mzee alikuwa akiniambia.

Nikasoma, nikavuta kamba. Vidole vikakomaa, na ajabu ni kwamba miguu iliacha kuniwasha. Binti akipita na maji, siku nzima ilikuwa nyepesi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, redio ikatangaza kwamba vyama vyote viwili vitatawala pamoja. Nikaiweka kamba chini.

“Mzee, imeanguka.”

“Haijaanguka. Imeongeza watu.”

“Ya wachache imekwisha.”

“Wachache wenyewe si wangali vitini?”

Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia: “Baba, kama serikali imeongeza watu, na sisi tuongeze mmoja.”

Mzee akainuka. Akakikagua kitanda nilichokuwa nakiwamba, akakibonyeza kwa kiganja.

“Kaza hapa katikati,” akasema. “Wallahi, sitaki mwanangu alale kwenye shimo.”