Nilimwanzishia mama soya apungue, nikaharibu dawa yake ya thyroid

Wakuu, hamjambo. Nasimulia ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi naishi Ruiru, mama yuko Ngoingwa, Thika. Tezi yake ya thyroid, ile ya shingoni, ni mvivu, haitoi homoni ya kutosha, kwa hivyo kila asubuhi humeza kidonge kwa maji, anangoja karibu saa nzima ndipo anywe chai. Miaka yote amekuwa sawa, ila uzito ulikuwa umeanza kumsumbua magoti.

Nikasoma mtandaoni kuhusu soya. Ina kemikali za mmea, moja inaitwa genistein, ambazo kwenye maabara huzuia seli changa zisikomae kuwa seli za mafuta.

Nikaona magoti ya mama yamepona.

Nikanunua soya, nikaikaanga, nikaipeleka posho mill ikasagwa unga. Nikampelekea na maagizo: "Mami, uchemshe hii kila asubuhi. Iwe kitu cha kwanza kuingia tumboni."

Mama hufuata maagizo. (Mimi ndiye mtu wa kusoma nusu.)

Wiki ya tatu nikampima, ameongeza kilo mbili. Nikasema labda ni maji mwilini. Nikamwambia aongeze soya, vijiko viwili badala ya kimoja.

Wiki ya sita, kilo nne. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila nilichoona. Anavaa sweta saa saba mchana, jua likiwaka. Sauti imekuwa nzito. Jumamosi moja alilala akichambua maharagwe, mkono ukiwa ndani ya ungo.

Jirani yake akamtania langoni (Shiru ndiye mimi), "Mama Shiru, hiyo diet ya mtoto wako nipe na mimi, nina nguruwe za kunenepesha!"

Mama, ambaye huwa hashindwi na mdomo wa mtu, alitabasamu tu akaingia ndani. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Jumatatu tukaenda kliniki yake ya siku zote mjini Thika. Damu ikapimwa, homoni iko chini sana. Daktari akamwita nyanya kwa Kikuyu, akauliza, "Kidonge unameza na nini, cucu?"

"Na soya ya Shiru. Wewe ulisema kidonge kiwe cha kwanza, yeye akasema soya iwe ya kwanza. Nikavimeza pamoja, nisikosee mtu."

Daktari akanigeukia. Akaeleza kwamba soya ikikutana na hiyo dawa tumboni, dawa haiingii vizuri kwenye damu. Wiki zote hizo mama alikuwa kama hamezi kitu.

Nikajaribu kujitetea na zile seli za mafuta.

"Hizo ni seli kwenye sahani ya maabara, zimemwagiwa genistein kwa kipimo cha watafiti," akasema. "Kipimo kikibadilika, hata matokeo yanaweza kugeuka. Mama yako si sahani."

Soya si sumu, alisema, ila ikae mbali na kidonge kwa masaa kadhaa.

Tukitoka nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia anajisikia vibaya.

"Ulikuwa umefurahi sana na hiyo soya yako."

Wakuu, kabla ya kumpa mzazi chochote cha "asili", mwulize anameza dawa gani, saa ngapi, na pamoja na nini. Mimi sikuuliza.

Damu itapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Kwa sasa nampigia simu kila asubuhi, nasikiliza anavyopumua kabla hajajibu. Kama mzazi wako amepitia haya, alichukua muda gani kurudi kuwa yeye? Niambieni hata kama jibu si zuri.