Sauti ya Mzee Sankale Ukumbini

Seleyian alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya upili mjini Kitengela alipoamua kurudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya lugha ya Kiingereza na fasihi. Katikati ya wiki alifundisha, Jumamosi akawa mwanafunzi. Nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, baba yake Mzee Sankale alifurahia habari hiyo, ila jambo moja lilimtatiza.

"Kiingereza si unakijua?" alimuuliza. "Sasa wanakufundisha nini tena?"

Seleyian akaketi naye akamweleza. Kulikuwa na somo la sauti, jinsi ulimi na midomo inavyoliumba kila neno. Kulikuwa na muundo wa sentensi, na historia ya lugha yenyewe, ilivyosafiri na kubadilika kila ilikotua. Upande wa fasihi walisoma riwaya, tamthilia na mashairi, ya Afrika na ya kwingine, pamoja na nadharia, yaani njia mbalimbali za kuyachambua maandishi hayo. Mwishowe kila mwanafunzi alifanya utafiti wake na kuandika tasnifu. Mzee alisikiliza yote, akasema hakujua lugha moja inaweza kuwa na vyumba vingi namna hiyo.

Yeye aliacha shule akiwa bado mdogo. Kiingereza chake alikiokota kwa madaktari wa mifugo aliokuwa akiwazungusha maboma kuchanja ng'ombe, akiwatafsiria kwa wenye mifugo. Sasa wageni walipokuja kanisani, ni yeye aliyesimama kando ya mhubiri na kuyageuza maneno yake kuwa Kimaa, lugha ya Wamaasai. Siku kama hiyo alivaa koti.

Utafiti wa Seleyian ulihusu jinsi Kimaa kinavyoathiri matamshi na sentensi za watu wazima wanaozungumza Kiingereza. Alihitaji sauti. Akaenda nyumbani na simu yake, akamwomba baba amsimulie kwa Kiingereza habari za ile miaka ya chanjo. Mzee alipouliza kwa nini kwa Kiingereza, alijibu tu kwamba chuo ndicho kinataka hivyo. Hakumwambia kwamba angeweka alama kila mahali ulimi wake ulipoteleza. Darasani walikuwa wamefundishwa kwamba anayerekodiwa lazima aelezwe waziwazi maneno yake yatatumiwaje, na ana haki ya kukataa. Alilijua hilo vizuri. Alijiambia huyu ni baba yangu, hakuna haja. Ukweli ni kwamba aliogopa angekataa.

Siku ya kuwasilisha utafiti ilikuwa wazi kwa yeyote. Seleyian alikuwa amemtajia mdogo wake, Purity, tarehe hiyo bila kufikiri. Alikuwa tayari amesimama mbele akieleza alipowaona wakiingia na kuketi nyuma, Purity na baba, na baba amevaa koti lake.

Angeweza kuuruka ule mfano. Lakini msimamizi wake, Daktari Ngui, alikuwa ameshauliza kama wangesikia sauti yoyote, na kwenye ukuta projekta ilikuwa inaonyesha maandishi: Msemaji wa Tatu. Seleyian akabonyeza.

Sauti ya Mzee Sankale ikajaa ukumbini. Aliitambua mara moja. Alitabasamu, akamgusa bega mgeni aliyekaa kando yake na kujionyesha kifuani. Kisha ikaja sentensi kuhusu daktari wa mifugo aliyetoka Nairobi: "Da bet kam prom Nairobi." Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, kicheko kikasambaa. Hakikuwa cha ubaya, ni kile cha watu waliochoka kukaa. Mzee aliendelea kutabasamu kwa muda, akigeuka huku na kule kutafuta kinachochekesha. Halafu akatazama ukutani, ambako maneno yake yalikuwa yameandikwa na makosa kupakwa rangi nyekundu. Tabasamu likamtoka.

Seleyian akaendelea. Akaeleza jinsi v inavyogeuka b na f inavyogeuka p, sauti yake ikiwa thabiti, hata akapigiwa makofi. Baadaye hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hakusita hata kidogo.

Aliwakuta langoni. "Umefanya vizuri," baba alimwambia kwa Kiswahili. "Wamekupigia makofi." Purity hakumtazama usoni.

Wiki chache baadaye Purity akampigia simu. Wageni walikuwa wamekuja kanisani, na baba alipoitwa kutafsiri alisema koo linamuuma. Walipokuja wengine, alisema vilevile. Seleyian akaenda Kajiado, akamkuta akirekebisha ua wa ndama.

"Takwenya," baba alimsalimu.

"Iko," akajibu. "Papa, nimekukosea."

Mzee aliendelea kufunga waya. "Ile nyekundu yote ilikuwa mimi?"

"Ndiyo."

"Na tangu ukiwa mtoto ulikuwa unanisikia hivyo?"

Seleyian alitamani baba amgombeze, lakini mzee hakupandisha sauti. "Mimi nilidhani unataka hadithi," alisema.

Seleyian akamuuliza kama angependa sauti ile ifutwe. "Toa," akasema, na Seleyian akaifuta mbele yake. Kisha akajaribu kumweleza kwamba angeweza kuandika jambo jingine, juu ya ufundi wake wa kutafsiri, safari hii kwa ruhusa yake. Mzee akatikisa kichwa. "Tafuta mtu mwingine, Seleyian."

Alimweleza Daktari Ngui kila kitu. Daktari akamwambia aweke kando rekodi zote na arudi kwa kila mmoja aliyemrekodi, amweleze ukweli. Baadhi yao walikataa. Kazi ikaanza upya, na wenzake wakahitimu bila yeye.

Yeye alihitimu mwaka uliofuata, na baba akaja. Baada ya sherehe, Nyaguthii, mwenzake wa darasani aliyehitimu mwaka uliotangulia, alikuja kumsalimu mzee kwa Kiingereza na kumpongeza kwa kulea msomi. Mzee Sankale akampa mkono kwa heshima.

"Samahani, mama," akamwambia. "Mimi Kiingereza sijui."

Seleyian alikuwa karibu, ndani ya joho lake jipya, na alisikia. Nyaguthii akamgeukia kama anayesubiri kuambiwa kwamba mzee anatania. Seleyian akatazama chini.