Chupa ya Maji Mbele ya Msemaji

Mwanvua, muuza mawese wa Minago, kijiji cha Rumonge, hakuwa amekunywa hata maji kwa mtu tangu mumewe Hamidu afariki. Hamidu alikunywa maji ya tunda la maracuja kwenye ubatizo kwa jirani yao Beatrisi, kesho yake akawa maiti. Daktari alisema ni moyo. Mwanvua alijibu kwamba ni sumu, na kwamba madaktari nao hualikwa karamu.

Basi mwanawe Anwari, mwalimu wa chuo kikuu Bujumbura, akaja na habari: amealikwa kusema katika mkutano wa wataalamu wa algoriti, hapo hapo Rumonge, katika hoteli ya ufukweni. Kulala bure, kula bure.

"Algoriti ni kitu gani?"

"Ni njia ya kupanga kazi, mama, hatua kwa hatua, mpaka mashine iifanye yenyewe."

"Na wanakulisha juu ya hiyo?"

"Wasemaji tuko watatu. Wenzangu wanatoka Kigali na Lubumbashi."

"Hao ni wa mbali, nani atawaonea wivu? Wewe ndiye mutoto wa hapa. Kikulacho kiko nguoni mwako."

Anwari alicheka. Hakujua kwamba siku ya mkutano mama atajifunga kitenge kipya, apande pikipiki, aje akae kiti cha nyuma kabisa. Mwanvua aliwakagua watu mmoja mmoja, hasa Généreuse, mama aliyeandaa mkutano. Anatabasamu sana yule, aliwaza. Mtu hatabasamu hivyo bila sababu.

Anwari alieleza jinsi mashine nyingi zinavyoweza kukubaliana jambo hata kama mojawapo inadanganya. Hapo Mwanvua alitega sikio. Kumbe mtoto hakupotea kabisa. Kisha koo likamkauka msemaji. Généreuse akamfungulia chupa ya maji, akamwekea mezani.

Mwanvua akasimama. Akapita katikati ya maprofesa, akaichukua chupa, akanywa, akangoja kidogo, ndipo akampa mwanawe.

Kwa Warundi mwenyeji ndiye huonja kwanza, mgeni aone kwamba kinywaji hakina sumu. Kuonja badala yake ni kumwita mchawi mbele ya watu. Wasemaji wa mbali walidhani mama ana kiu. Watu wa Rumonge walielewa vizuri mno. Anwari aliona haya mpaka masikioni, lakini alikunywa.

Généreuse hakutabasamu tena. Alijaza glasi, akapiga funda moja, akamkabidhi Mwanvua kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu, mama. Ni mimi nilipaswa kuonja. Sasa na wewe kunywa."

Mwanvua aliitazama glasi. Akakumbuka siku ya matanga, Beatrisi alivyomletea uji, akauonja mbele yake. Mwanvua aliumwaga chini, watu wote wakiona. Moyo ukamuuma sasa kuliko siku ile.

Akanywa. Yalikuwa maji tu.

Wakati wa kurudi alimwambia mwenye pikipiki amshushe kwa Beatrisi. Beatrisi alikuwa uani akipepeta unga wa muhogo. Alisimama na ungo mkononi, hana raha hata kidogo: mwanamke huyu hajakanyaga hapa miaka yote hii, leo anataka nini?

"Amahoro," Mwanvua alimsalimu. "Niko na kiu."

Beatrisi aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akakiinua aonje kwanza.

Mwanvua akamshika mkono. "Hapana, dada. Usionje."